Kabla hujaondoka kwenda misheni, tuongee kuhusu mwenzi wako

Kila kijana ninayemfahamu akipata wito wa misheni najua meseji iko njiani, na karibu zote zinauliza kitu kile kile, kaka nibebe nini? Suti ngapi, viatu gani, begi moja kubwa au mawili madogo. Majibu ya hayo yote yapo kwenye maelekezo unayotumiwa pamoja na wito, yafuate kama yalivyo, mimi naongezea mawili tu. Viatu usivinunue wiki ya mwisho, vivae mwezi mzima kabla ya safari vizoee mguu wako maana utatembea kuliko ulivyowahi kutembea. Halafu toa kopi ya pasipoti na viza uiweke mbali na zenyewe. Mambo ya begi yameishia hapo.

Ninalotamani waniulize hawaniulizi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, kaka, nitaishije na huyo mtu?

Huyo mtu ni mwenzi wako. Mimi nilitumika kwenye Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, miaka miwili nje ya nchi, niliondoka nina miaka 19, na kwetu mmisionari haendi peke yake, mnatumwa wawili wawili kama Yesu alivyowatuma wale kumi na wawili kwenye Marko 6:7. Ukiusoma ule mstari unapendeza sana. Ukiuishi ndio unajua kwamba wawili wawili maana yake ni mtu hujamchagua, humjui, pengine hata lugha aliyozaliwa nayo sio yako, na mnalala chumba kimoja, mnaamka pamoja, mnapika, mnafua, mnaomba, mnasoma, mnatoka na kurudi pamoja, na hamruhusiwi kuachana, mmoja lazima amuone au amsikie mwenzake muda wote isipokuwa akiwa bafuni. Hata ndugu wa tumbo moja hawaishi hivyo. Na ratiba yenyewe imebana, sisi tulikuwa tunaamka saa 12:30 asubuhi na kuzima taa saa 4:30 usiku, katikati hapo mazoezi nusu saa, kusoma maandiko kila mtu kivyake, kusoma pamoja, kusoma lugha, halafu nje mpaka giza. Hakuna kona ya siku unayoweza kwenda kukasirika peke yako.

Mwenzi wangu wa kwanza ndio alikuwa mkufunzi wangu, wiki 12 za mwanzo unapangiwa mtu mwenye uzoefu akufundishe kazi. Alikuwa amebakiza miezi michache amalize, anaiongea lugha ya pale kama maji, watu wanampenda. Na mimi nilimchukia. Naliandika hivi hivi kwa sababu najua kuna mtu atasoma hapa akiwa misheni, kitandani, amegeukia ukutani, anajiona yeye tu ndio ana dhambi hiyo.

Kosa lake ni moja lakini lilikuwa linajirudia kila siku. Tunakaa na familia, tunafundisha, zamu yangu inafika, naulizwa swali, naanza kuipanga ile sentensi kichwani, ninalo jibu kabisa, natafuta tu neno la tatu, na yeye anadakia. Anajibu vizuri, kila mtu anatabasamu, somo linaendelea, mimi nabaki nimefungua mdomo. Mara ya kwanza nikaona ananisaidia, mara ya ishirini nikaona ananifuta. Nikaacha kujaribu. Tukienda kwa watu nakaa kama begi lake, na tukirudi nyumbani namlipizia kwa kunyamaza, anauliza unakula saa ngapi najibu neno moja, anaomba nasema amina na mdomo tu. Siku sita hivyo! Na asubuhi tunatoka kwenda kuwafundisha watu kuhusu upendo wa Mungu, hebu fikiria.

Kilichotuokoa ni kitu kilichokuwepo kwenye ratiba na sisi tulikuwa tunakiruka. Kila wiki wenzi wanatakiwa wakae chini wapange wiki inayokuja na mwisho wake waulizane wanaendeleaje wao wawili, yaani sio kazi, wao. Tulikuwa tunapanga kazi alafu tunafunga daftari. Wiki ile akasema tusifunge. Akaniuliza nimekukosea nini, na kwa sababu nilikuwa nimejaa nikamwaga yote, kwa lugha mbovu, na kwa mara ya kwanza hakudakia. Akasubiri mpaka nimalize, ilichukua muda kweli kweli. Halafu akaniambia yeye anaogopa ukimya. Kwamba mwanzo wa misheni yake aliwahi kukaa kimya kwenye somo hajui la kusema na mwenye nyumba akasimama akawafungulia mlango, basi tangu siku hiyo pakinyamaza sekunde tatu moyo unamwenda mbio na mdomo unafunguka wenyewe. Mimi nilidhani ananidharau, kumbe mtu alikuwa anakimbia.

Tukakubaliana kitu kidogo tu, swali likija kwangu yeye anahesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hajagusa, nikikwama kabisa namtazama, hapo ndio anaingia. Siku ya kwanza nilimuona anahesabu kwa vidole chini ya Biblia. Na nikajibu. Kwa makosa, ila nikajibu mwenyewe, na mama wa ile nyumba akanirekebisha neno moja na kuanzia siku hiyo akawa ananingoja, nyumba nzima inaningoja.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko wote mdogo wangu ni huu, wiki ya kwanza na mwenzi yeyote muulize vitu vitatu. Ukikasirika unakuwaje, unanyamaza au unaongea sana? Kitu gani nikikifanya mbele za watu kinakuvunja? Na nyumbani kwenu wanaendeleaje? Hilo la tatu usiliruke, niliwahi kukaa na mwenzi mwezi mzima namuona mvivu kumbe baba yake anaumwa na yeye halali usiku. Na ile dakika ya kuulizana mwisho wa wiki msiiruke hata mkiwa mmechoka vipi, hasa mkiwa mmechoka. Vyombo, usafi, nani anaingia kuoga wa kwanza, yazungumzeni yakiwa madogo. Wenzi wanagombana kwa sufuria lisiloshwa kuliko kwa mafundisho, hilo nimeliona kwa karibu wenzi wote niliowafahamu.

Mnabadilishwa pia, kwetu uhamisho ulikuwa kila wiki sita, unaweza kubaki au kuondoka, kwa hiyo yule unayemuona hamuwezani hamtakaa milele. Ila usiishi kwa kuhesabu wiki. Niliwahi kuishi hivyo na zile wiki sita sikumbuki hata jina la mtaa tuliokuwa.

Lugha. Watu wanaogopa sana lugha kabla ya kwenda na nawaelewa, unatoka kwenye kituo cha mafunzo umesoma wiki kadhaa unajiona unajua, unashuka mtaani husikii hata neno. Mimi kilichonibeba ni watoto na wazee, watoto wanakurekebisha bila huruma na wazee wana muda. Kila siku chukua maneno matano uliyoyakosa kwenye mazungumzo ya kweli, sio ya kitabuni, yaandike, kesho yatumie hata kwa kulazimisha. Na omba kwa lugha ile hata kwenye sala yako mwenyewe, sala ndio mahali pekee hakuna anayekuharakisha.

Nikikata tamaa na lugha nilikuwa namfikiria Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844. Ndani ya miezi michache alimzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, na bado akaing'ang'ania lugha yetu hii neno kwa neno, kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufariki. Lakini kinachonigusa zaidi ni Rebmann, mmisionari mwenzake. Krapf alikaa kama miaka miwili bila mwenzi wa kazi mpaka Rebmann alipofika 1846, na mwaka huo huo wakapanda wote wawili kwenda kuanza kituo Rabai, karibu na Mombasa, huku wote wana homa. Wawili, wagonjwa wote, wanapanda mlima. Mimi naamini angekuwa mmoja asingepanda, ni imani yangu tu lakini nimeishi na wenzi, najua.

Nyumbani sasa. Zamani wamisionari wetu walikuwa wanapiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, zaidi ya hapo ni barua na baadaye barua pepe. Februari 2019 ikaruhusiwa kuongea na familia kila wiki siku ya maandalizi, ile siku moja ya wiki ya kufua na kufanya usafi, hata video koli. Ni baraka kubwa, siwezi kusema vingine, ila ina kazi yake. Kuna wenzangu walikuwa wakimaliza kuongea siku nzima imekwenda, wanalia mpaka jioni. Nilichojifunza, piga asubuhi baada ya kufua na usafi, sio usiku kabla ya kulala. Kabla ya kupiga andika vitu vitatu vya kweli vya kuwaambia, na kimoja kiwe kigumu. Mimi miezi minne nilimdanganya mama kila wiki, niko salama mama, kazi nzuri mama, na yeye anajua sauti ya mwanawe, akawa anakata simu anaumia kuliko ningemwambia ukweli. Siku niliyomwambia mama nina upweke, akasema tu haya mwanangu, sasa najua nikuombee nini. Nikapona nusu.

Fransisko Saveri, yule mmisionari Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti aliyefika mpaka Japani na kufariki 1552 kwenye kisiwa karibu na China, alikuwa anakata majina ya wenzake kwenye barua walizomwandikia anatembea nayo mwilini. Barua zenyewe zilichukua hata zaidi ya mwaka kufika. Kumbe hata watakatifu wanahitaji kushika jina la mtu mkononi, kwa hiyo usijione dhaifu ukiwakumbuka watu wako.

Na hapa niseme kwa uzito, kuna kukumbuka nyumbani na kuna kuumwa. Ukiona wiki mbili hulali, huli, huna hamu hata ya kitu ulichokuwa unakipenda, au mawazo ya kujiumiza yanapita, usingoje siku ya maandalizi wala usingoje mwenzi akugundue, mwambie siku hiyo hiyo, mpigie rais wa misheni, yaani anayewasimamia wamisionari wa eneo lenu, au mkewe, omba kuonana na daktari. Mimi nilikuwa na mwenzi aliyeficha miezi, akaishia kurudishwa mapema, na kilichomuumiza zaidi ni maneno ya watu baada ya kurudi. Wewe uliyeko nyumbani unayesoma hapa, kijana akirudi kabla ya muda wake usimuulize kulikoni. Mkaribishe, muulize anakula nini leo, inatosha.

Sheria za nchi uliyopo zijue na uziheshimu, usijione umetumwa na Mungu kwa hiyo hazikuhusu. Urusi kwa mfano tangu sheria ya 2016 iliyobana uhubiri hadharani, wamisionari wetu kule wakaanza kuitwa wajitolea na kazi yao ikabadilika kabisa. Viza ina tarehe, andika ukutani. Ukiambiwa mtaa huu msiingie, msiingie. Na mtu akikwambia sitaki, mshukuru uondoke, anayo haki hiyo na pengine wewe ndio mmisionari wa kwanza kumheshimu.

Kuna na siku ambazo hakuna kitu, milango yote imefungwa, miadi yote imekufa, mvua, na mwenzi anaumwa tumbo. Siku hizo mimi nilikuwa nafua nguo zake. Sijui nieleze vipi, lakini siku nyingi ninazozikumbuka kwa furaha sio zile za ubatizo, ni zile.

La mwisho ni kurudi, na hili sikuambiwa na mtu. Unavua kile kibeji cha jina, watu wanashangilia, mnakula, mnaongea, halafu usiku unaingia chumbani kwako na mlango unafungwa na uko peke yako, miaka miwili hujawahi. Mimi saa 12:30 asubuhi niliamka bila kengele nikapiga magoti nikawa namsubiri mtu aanze kuomba. Nilikaa hivyo muda mrefu. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege panga wiki yako ya kwanza, saa ya kuamka ibaki ile ile, tafuta mtu wa kusoma naye hata dakika kumi, na mpigie mwenzi wako wa mwisho siku ile ile unayofika, maana aidha na yeye amepiga magoti mahali anasubiri mtu aanze, au ameshapangiwa mtu mpya na hajui amuulize nini.