Bwana Shamba Anajibu: Kitobo kwenye tunda la kahawa, na sisimizi maji moto kwenye kakao

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Matunda mengi ya kahawa yangu yana kitobo kama cha sindano. Jirani ananishauri nipige dawa kali, lakini nina mizinga ya nyuki humo humo shambani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kununua chochote, chukua wembe upasue tunda moja lenye kitobo, kile kinachokaa kwenye kitovu. Ndani utakuta kidudu cheusi kisichozidi milimita mbili, na pengine vibuu vyeupe vinavyotafuna buni. Jike hutaga humo, watoto wake hupandana wao kwa wao humo humo, na majike wakitoka wameshapandwa. Madume hawawezi hata kuruka. Kwa hiyo tunda moja lililosahaulika tawini linatosha kuanzisha ukoo mzima.

Dawa ya jirani haimfikii mdudu huyu, kwa sababu amejifungia ndani ya buni. Watakaokufa ni nyuki wako, pamoja na nyigu wadogo wanaomshambulia mdudu huyo.

Kazi yenyewe iko baada ya mavuno. Pita mti kwa mti, vua kila tunda lililobaki, hata lililokaukia tawini, kisha inama uokote ya chini. Hapo ndipo wengi huchoka, na hayo ya chini ndiyo yanayomhifadhi mdudu mpaka msimu ujao. Usiyatupe kwenye mboji! Yatumbukize kwenye maji yanayochemka.

Mitego nayo husaidia. Toboa dirisha kwenye chupa ya plastiki, ning'iniza ndani yake kichupa chenye mchanganyiko wa methanoli na ethanoli, alkoholi mbili ambazo harufu yake humvuta mdudu, na chini weka maji ya sabuni. Itundike usawa wa kifua kabla matunda mapya hayajaanza kukomaa. Methanoli inapofua macho na kuua, kwa hiyo watoto wasiifikie kabisa. Ukipata dawa iliyotengenezwa kwa Beauveria bassiana, ukungu unaoua wadudu, ipulize jioni, wakati mdudu angali mlangoni mwa tunda. Akishazama ndani, umechelewa.

SWALI: Mikakao yangu imejaa maji moto, wale sisimizi wa mitini wanaoshona majani. Niwaue?

JIBU: Waache, tafadhali. Maji moto huwawinda kunguni wanaofyonza maganda na machipukizi ya kakao. Ubaya wao ni kwamba huwalinda wadudu weupe wa ungaunga ili walambe majimaji matamu wanayotoa, na baadhi ya wadudu hao hueneza virusi vya kuvimba machipukizi. Penye ugonjwa huo, ushauri wangu hautumiki.

Tena usifagie majani yote chini ya mikakao. Vijinzi vinavyochavusha maua ya kakao huzaliana kwenye majani na maganda yanayooza, na ukipuliza sumu ovyo utakosa matunda bila kujua sababu. Siku ya kuvuna, jipake majivu mikononi; maji moto hawapendi kuyakanyaga.