Mwanangu, wale wa Namugongo walikuwa wa kanisa lipi?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili nilipotoka ibadani, nikaurudia usiku. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwa simu tungeishia kupandishiana sauti. Naliandika tena swali lako hapa ili usije ukasema baba amelipindisha. Umesema: Waefeso 4 inataja Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, makanisa ni mengi na yanapingana, kwa hiyo la kweli ni moja tu, na hayo mengine yameanzishwa na wanadamu. Ukaongeza: “Baba wewe ni Mlutheri, mama ni Mkatoliki, hamwezi kuwa sahihi wote wawili. Kwa nini nisibatizwe upya katika lile la kweli nililolipata hapa chuoni?” Mwisho kabisa, kwa maneno machache, ukadokeza kwamba mwalimu wako wa Biblia amekushauri usisali tena pamoja nasi ukija nyumbani.

Hilo la mwisho nitalifikia. Tuanze na swali, kwa sababu ni swali halali, na anayekukaripia kwa kuuliza hana jibu.

Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, kwa hiyo usishangae nikianzia kwenye historia. Swali lako liliwahi kuulizwa hapa jirani tu, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877. Mwaka 1879 wakafika mapadre Wafaransa, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Haukupita muda, wakagongana mbele ya Kabaka mwenyewe. Mackay, Mwanglikana, alikuwa akiongoza sala barazani. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akakataa kupiga magoti pamoja nao. Mackay mwenyewe ndiye aliyeandika habari hiyo: Lourdel alipoulizwa sababu, akasema dini ile si ya kweli. Wakabishana pale pale, Kabaka na wakuu wake wakitazama. Mutesa akabaki ameduwaa: kumbe kila taifa la wazungu lina dini yake, sasa yeye atajuaje iliyo ya kweli?

Watazame watu hao wawili. Wote walikuwa wameacha kwao kwa ajili ya Kristo yule yule. Mackay hakurudi tena Ulaya. Alifia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1890. Lourdel alifia Uganda mwaka huo huo. Hakuna aliyekuwa tapeli. Na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anawapoteza watu.

Sasa njoo kwa waliokuwa wakiwasikiliza. Pale ikulu palikuwa na vijana watumishi wa Kabaka, wengine wakijifunza kwa Mackay, wengine kwa Mapera, na wote wakitumikia nyumba moja. Mutesa akafa mwaka 1884, akatawala Mwanga. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, karibu na Kampala ya leo, vijana hao walifungwa ndani ya mikeka ya matete, mmoja mmoja, wakalazwa juu ya kuni, na kuni nyingine zikawekwa juu yao. Wakatoliki na Waanglikana walichomwa kwenye moto mmoja. Mukajanga, mkuu wa wauaji, hakuwa na shida ya kujua nani alibatizwa na nani. Kabaka alichotaka kujua ni kama wanasali au hawasali, na wao wakasema wanasali.

Mimi nimefika Namugongo pamoja na mahujaji wa kwetu. Siku ya 3 Juni barabara inafurika watu, wengine wametembea kwa miguu kutoka mbali sana. Utakuta madhabahu mbili, ya Wakatoliki na ya Waanglikana, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi tu. Wakatoliki wanahesabu mashahidi 22, Waanglikana 23, wakiwamo waliouawa sehemu nyingine kati ya 1885 na 1887. Hesabu mbili, orodha mbili, misa huku na ibada kule. Majivu yenyewe hakuna awezaye kuyagawa.

Basi hili ndilo swali ninalokuomba umpelekee mwalimu wako, kwa heshima, bila kubishana: wale vijana walikuwa ndani ya kanisa la kweli au nje? Msikilize kwa makini anavyojibu, maana njia ziko chache. Akisema wote walipotea kwa kuwa hawakuwa wa kanisa lenu, basi amesema mtu anaweza kuchomwa moto kwa kukataa kumkana Kristo, na Kristo akamkana. Amfundishe hivyo mtu mwingine, si mwanangu. Akisema Mungu aliwahurumia kwa kuwa hawakuijua kweli yote, muulize: kumbe mtu anaweza kuokolewa na Kristo bila kuandikwa kwenye daftari lenu? Ukishakubali hilo kwa kijana mmoja wa Namugongo, umelikubali kwa bibi yako pia, aliyekufa na rozari mkononi, na lile neno “sisi tu” limekwisha. Linabaki “sisi tunafundisha vizuri zaidi”, ambalo ni dai la kawaida, nalo tunaweza kukaa chini tukalipima.

Kanisa la mama yako nalo limelipitia swali hili, na kwa taabu. Mwaka 1302 Papa Bonifasi wa Nane alitangaza kwamba ni lazima kwa wokovu kila mwanadamu awe chini ya Papa wa Roma. Hakuna neno “sisi tu” lililo wazi kuliko hilo. Lakini tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22, alisema katika mahubiri yake kwamba wanastahili kutajwa pia wale wa Kianglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Ni sentensi moja, na hakuwaingiza kwenye orodha. Ila ukiiweka karibu na ile ya 1302 utaona umbali uliotembewa. Kabla ya hapo, mwaka 1953, Roma ilikuwa imemtenga padre mmoja wa Boston, Leonard Feeney, aliyekuwa akihubiri kwamba asiye Mkatoliki haokoki kamwe. Alipoitwa Roma ajieleze, alikataa kwenda, na hilo ndilo lililomtengesha. Lakini hata mafundisho yake Roma ilikuwa imeshayakataa kwa barua mwaka 1949. Mtu akawa Mkatoliki kuliko Roma!

Turudi Uganda, kwa sababu kuna sehemu ambayo mahubiri ya 3 Juni huiruka. Miaka isiyofika sita baada ya moto ule, Januari 1892, Wakristo wale wale wa Kabaka walipigana vita pale Mengo. Waliitana Wafaransa na Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda. Kapteni Lugard, afisa Mwingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki, na Wakatoliki wakashindwa. Katika kugawana nchi baada ya vita, Wakatoliki wakapewa Buddu, ndiyo Masaka ya leo, unayoipita ukitoka kwetu kwenda Kampala. Sasa mwulize mtu wa Masaka kwa nini ni Mkatoliki. Atakutajia Petro na ule mwamba, na anaamini kweli, wala simcheki. Lakini mkataba wa 1892 nao umo. Hata huku kwetu Kagera, mtu mara nyingi ni Mkatoliki au Mlutheri kwa kufuata shule iliyokuwa juu ya kilima cha babu yake. Mungu anaweza kufanya kazi kupitia vilima na mikataba, sibishi. Ninachosema ni kwamba anayejisifu kuwa alilichagua kanisa la kweli aangalie kwanza alizaliwa upande gani wa mto.

Najua utakachojibu. Utasema: ndiyo maana, baba, hayo yote ni makanisa ya wanadamu, sisi tumerudi kwenye Biblia tupu. Mwanangu, hata njia hiyo ina nyayo za watu. Thomas Campbell alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Ireland, akahamia Pennsylvania kule Marekani mwaka 1807. Akajikuta matatani na viongozi wake kwa sababu aliwakaribisha Mezani pa Bwana Wapresbiteri wa kundi jingine. Alichukizwa na migawanyiko, na mwaka 1809 akaandika tamko: tuache majina na kanuni za wanadamu, tufuate Agano Jipya peke yake, Wakristo wote wawe kitu kimoja. Nia njema kabisa. Mwanawe Alexander akaiendeleza kazi, na mwaka 1832 wakaungana na kundi la Barton Stone. Ilipofika sensa ya dini ya Marekani ya mwaka 1906, watu hao wa umoja walihesabiwa kama makanisa mawili. Miongoni mwa waliyogombania ni kama kinanda kinaruhusiwa ibadani na kama ni halali kuwa na vyama vya kupeleka wamisionari. Biblia yao ilikuwa moja. Sisemi kanisa lako ni la hao. Umenitajia jina lake na sikuwahi kulisikia. Nasema “tumerudi kwenye Biblia tupu” limeshasemwa na wengi, na wengi wao wakageuka wakaambiana kwamba mwenzao hakurudi vizuri.

Ukishuka stendi ya Bukoba asubuhi utawasikia wapiga debe: kila mmoja anaapa kwamba basi lake ndilo linaloondoka sasa hivi, lile jingine bovu. Huenda mmoja wao anasema kweli. Ila hutamjua kwa kelele, maana kelele wanazo wote.

Paulo aliwakuta Wakorintho katika hali hiyo hiyo. Soma 1 Wakorintho 1:12 polepole: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa, na wa nne anasema “mimi ni wa Kristo”. Huyo wa nne naye ametajwa humo humo kwenye orodha ya magomvi. Wahubiri wengi humpita haraka, mimi hunisimamisha.

Sasa lile la kwamba mimi na mama yako hatuwezi kuwa sahihi wote wawili. Ni kweli. Kuhusu Papa, mmoja wetu amekosea, na kila mmoja ana wazo lake ni nani. Mwaka 1999 kule Augsburg Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, jambo lililowatenganisha tangu Luther. Hata hivyo mpaka leo hatuli Meza moja. Umeniona mwenyewe tangu utoto wako: tukienda misa ya mama yako, watu wakiinuka kwenda komunyo, mimi nabaki kwenye benchi, nageuza magoti pembeni wapite. Inauma, sitakudanganya. Mwaka 1913 kule Kikuyu, Kenya, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walithubutu kushiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Wapresbiteri. Askofu Weston wa Zanzibar akawashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, nao ni Waanglikana kama yeye. Kesi ikafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Uingereza kukazuka mzaha kwamba uamuzi ulikuwa huu: ibada ile ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe tena kamwe.

Lakini angalia tofauti. Mama yako anaamini nimekosea. Hajawahi kuniambia kwamba siko ndani ya Kristo. Mtu anaweza kukosea jambo kubwa na bado akawa wa Bwana. Yohana alimkataza mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu, kwa sababu “hafuatani nasi”. Yesu akasema, “Msimkataze.” Marko 9, kuanzia mstari wa 38. Hakusema mtu yule alikuwa na mafundisho kamili, wala hakumwita aje kujiandikisha.

Na huo ubatizo. Unaninukulia “ubatizo mmoja” ili ukachukue wa pili? Ulibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kama hoja yako ni kwamba ulikuwa mtoto mchanga na hukuchagua, hiyo ni hoja ya kweli, Wabaptisti wameitetea kwa karne nyingi, na tunaweza kuijadili tukakesha. Lakini anayetaka kukubatiza kwa sababu ubatizo haufai mpaka utoke mikononi mwake, huyo hajadili maji. Anajadili mikono yake.

Sitakuzuia, umeshakuwa mtu mzima. Ukiona wanakufundisha Neno vizuri, kaa nao, nitakuja kusali huko siku moja nione. Linalonipa wasiwasi ni hilo la kukukataza kusali na wazazi wako. Muulize mwalimu huyo andiko, umwambie baba yako analisubiri.

Krismasi njoo. Mama yako atasali kabla ya chakula kama kawaida yake, kwa ishara ya msalaba. Kama dhamiri yako haikuruhusu kuitikia amina, simama nje barazani mpaka amalize, kisha uingie, unawe, ule. Hakuna atakayekuuliza.

Baba yako