Usitume mchango ukabaki kitandani

Wewe uliyehamia Pasua hapa Moshi na kuuliza kama kwenye jumuiya, kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, inatosha kutuma mchango kwa simu: haitoshi! Huyo aliyekuambia "jumuiya ni ya wazee na akina mama, wewe lipa tu jina lisikatwe" ana ndugu kila mtaa, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo na mwanakwaya mzima. Siku nimekwama nampigia, ati yuko Rombo mtandao unasumbua. Mtandao gani, aisee? Alikuwa ananikimbia.

Basi nikawa Mkatoliki wa M-Pesa. Jumamosi alfajiri wenzangu wanasali nyumba kwa nyumba, mimi nimejifunika blanketi, na baridi ya Moshi mwezi wa saba utaijua tu. Mweka hazina akijibu "Tumsifu Yesu Kristo, imepokelewa", najiona nimemalizana na Mungu mwezi mzima.

Mtoto akazaliwa. Ofisi ya parokia wakanipa fomu ya ubatizo, isainiwe na mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti ni mama anauza ndizi Mbuyuni. Akavaa miwani, akafungua daftari, akashusha kidole mpaka kwenye jina langu: michango imejaa hadi Desemba. Akaninyanyulia macho. "Jina nalijua. Wewe sikujui." Fomu akanirudishia. Nilichukia, nikasema hawa wanabania sakramenti. Kwa mama watoto ndiyo usiseme, wiki nzima napakuliwa chakula kimyakimya.

Nikaanza kwenda jumuiya kutafuta sahihi, sifichi. Wanasoma Injili kwa zile hatua saba. Hatua ya tatu kila mtu anachagua maneno yaliyomgusa, anayasoma polepole mara tatu, kimya kinafuata. Mzee mmoja mwenye magongo akasema: "Nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Akarudia. Akarudia tena. Mzee huyo tunapakana ukuta! Kalala na mguu miezi, na mimi upande wa pili nasoma maneno hayohayo ya Mathayo 25 kwenye simu, nimestarehe, namwomba Mungu ajidhihirishe. Hapo ndipo nilipopata hasara, mkuu, siyo kwenye fomu. Hatua ya sita wakaulizana tufanye nini, nikapangiwa kumpeleka kliniki. Njiani ananitania, "Kumbe wewe ndiye mwenye yule mbwa."

Kwani maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi 1976 wakazipa jumuiya ndogondogo kipaumbele, walikuwa wanatafuta njia ya kukusanya michango?

Usisali na watu wasiolijua geti lako. Jumamosi hii toka nje, ukimwona mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, na kitenge chake mfuate, atakufikisha. Beba Biblia ya karatasi. Na usikae karibu na mlango, wanakujua unataka kuwahi kutoka.