Kulala hoteli Matema wakati ndugu wako Ipinda

Shangazi shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Uyole, nina mke na watoto watatu, wa mwisho ana miaka 3. Tumejibana tangu Januari ili mwezi wa 9 twende Matema, Ijumaa mpaka Jumapili, tulale hoteli ya ziwani na sisi siku moja tujisikie watu. Tunaenda na mama yangu, na hapo ndo shida ilipo. Baba zangu wadogo wanakaa Ipinda, njiani kabisa, mama anasema hajawahi kuona mtu analipa hela kulala kando ya maji wakati kwa mdogo wake baba kuna vyumba. Mke wangu ni Mhehe wa Iringa, anasema akilala ukweni hiyo sio likizo, atashinda jikoni tu. Alafu mwaka juzi tulituma advansi ya vyumba viwili kwenye hoteli moja huko huko, tukafika saa mbili usiku tukakuta chumba kimoja wameshampa mtu mwingine, tukalala watano kitanda kimoja. Nifanyeje?
Baba Watatu, Uyole

Marahaba mwanangu, ndaga kwa barua. Mi nikikusikiliza vizuri naona mama na mkeo wala hawagombanii kitu kimoja. Mkeo anazungumzia usiku, kwamba alale wapi na aamke kufanya nini. Mama anazungumzia kuonekana. Pale Ipinda gari la watu wa Mbeya likipita linaonekana, jioni yake baba yako mdogo anaulizwa "wale wa kwenu wamepita wanaenda wapi?" na yeye hana jibu. Hiyo ndo inamuuma mama, vyumba ni maneno tu ya kuanzia.

Kwaiyo piga simu wewe mwenyewe, usimtume mama. Wiki moja kabla, mwambie baba mdogo tunashuka Ijumaa tunaenda kupumzisha watoto ziwani, Jumapili tunakuja kushinda kwako. Ijumaa msisimame, hata kama mama atasema "dakika tano tu nisalimie", maana hizo dakika tano wewe unazijua, kuku atakamatwa, mtoto atatumwa soda, mnaondoka pale giza limeingia alafu mnafika hoteli saa mbili usiku tena kama mwaka juzi. Jumapili tokeni hoteli saa tatu asubuhi, kuleni mchana Ipinda, saa tisa mshike njia mtoke na mchele wenu. Na msiende mikono mitupu wala msibebe vitu vya kifahari. Pale Isyonje nunua ndoo mbili za viazi mviringo, huko bondeni havipatikani kirahisi, ongeza sukari na sabuni basi. Jumamosi mwalike baba mdogo mmoja aje hotelini anywe soda na wajukuu, akirudi kijijini yeye ndo atawasimulia wengine mlikolala, maneno yote yanaishia hapo.

Kitu kimoja kuhusu mkeo. Zamani kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, akimwona njiani anajificha, na ndugu za baba mkwe nao wanahesabiwa humo humo. Siku hizi wengi wanakula meza moja, lakini wazee wengine bado wanalo moyoni, na Mhehe hatalijua asipoambiwa. Amuulize mama yako mapema nyumba ile inafuata nini, tena muulizo huo peke yake utampendeza mama kuliko viazi.

Haya, hoteli. Advansi tuma ndio ila ukishatuma omba wakuandikie meseji yenye tarehe, idadi ya vyumba na jina lako, Alhamisi piga tena, Ijumaa mkifika Tukuyu piga mara ya tatu, hawatakuchukia. Uliza chandarua kila kitanda (Kyela malaria ni ya kweli, sio kama huko kwenu kwenye baridi), uliza godoro la ziada bei gani, uliza umeme ukikatika kuna jenereta. Chakula kiagize saa mbili kabla, jiko la ziwani halina haraka, ila samaki mbasa wa kuchoma akifika mezani mtasahau mlivyosubiri. Hela taslimu toa mapema kabla hujafika Matema. Mwezi wa 9 umechagua vizuri, wa 6 hadi wa 8 upepo wa kusini unaleta mawimbi watoto hawaogi, na wa 4 mvua ya Kyela haina mchezo.

Njiani jiandae na matapishi. Mbeya mko kwenye mita 1,700 na ziwa liko kama mita 475, mnashuka kona baada ya kona kutoka Tukuyu, masikio ya watoto yanaziba, wape ndizi wakati mnashuka watafune, na wewe shuka na gia ndogo usikanyagie breki mpaka zinuke. Jumamosi asubuhi tembeeni mpaka Lyulilo kwenye soko la vyungu, vyungu vile vinafinyangwa na akina mama wa Kikisi, wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mama yako atataka sita. Acha nafasi kwenye buti.

Shangazi, wanangu wameoga Ziwa Nyasa wiki iliyopita na jirani anasema watapata kichocho. Kweli?
Mama J, Mafinga

Inawezekana mdogo wangu, ila usikimbie duka la dawa leo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, vinapenya ngozi. Kama waliogea kwenye mchanga mtupu penye mawimbi hatari kwa kawaida ni ndogo kuliko waliocheza kwenye matete, ila sio kwamba haipo. Subiri wiki 6 mpaka 8 ndo uwapeleke wapime, maana dawa ya prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki. Wakikojoa damu au wakapata homa kabla ya hapo usisubiri, nenda siku hiyo hiyo na umwambie daktari waliogea wapi.