Kufikia ukurasa wa ndani wa seva kwa SSH

Kama seva yako ina ukurasa wa usimamizi unaoutumia peke yako, tafadhali usiufungulie poti (namba ya mlango wa mtandao ambao programu husikiliza) kwa dunia nzima. Uache usikilize 127.0.0.1 ya seva basi, yaani anwani ambayo mashine hujiita yenyewe (jina lake ni localhost), nawe uufikie kwa kupitia SSH, programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali kwa njia iliyosimbwa. Mimi hufanya hivi kwa kila seva ninayoitunza, hata za majaribio, maana wanaopekua poti mtandaoni hawachagui.

Amri yenyewe ni fupi (weka jina lako la mtumiaji na anwani ya seva yako, na badala ya 3000 weka poti ya ukurasa wako):

ssh -N -L 8080:localhost:3000 jina@seva

Iache ikiendelea, kisha fungua http://localhost:8080 kwenye kivinjari. Ombi linaingia poti 8080 ya kompyuta yako, linasafiri likiwa limesimbwa, na likifika seva linapelekwa poti 3000.

Wengi hukwama kwenye ile localhost ya katikati. Hiyo ni ya seva, si ya kompyuta yako. Ndiyo maana unaweza kuweka hapo 10.0.0.5, mashine ambayo seva inaifikia na wewe huifikii. Ila kumbuka kwamba kutoka seva hadi mashine hiyo, SSH hailindi tena chochote.

Kivinjari kikisema muunganisho umekataliwa, mara nyingi SSH yenyewe imekatika. Lakini ukiona kwenye terminali "open failed: connect failed: Connection refused", njia ni nzima, tatizo ni kwamba huko mwisho hakuna programu inayosikiliza poti uliyoitaja. Ingia kwenye seva, andika ss -tln, uone poti zilizo wazi.

Kuna jingine linalosumbua zaidi: unaletewa tovuti ambayo siyo. Nginx, programu inayohudumia tovuti kwenye seva, ikibeba tovuti kadhaa huchagua kwa kuangalia Host, yaani jina la tovuti lililomo kwenye ombi, na kivinjari chako kimetuma localhost. Ongeza mstari kwenye /etc/hosts ya kompyuta yako unaoelekeza jina la tovuti kwenye 127.0.0.1, halafu fungua jina hilo pamoja na :8080. Ukitumia https, cheti nacho kitalingana na jina. Ukimaliza kazi, futa mstari huo mara moja, la sivyo kesho tovuti itaonekana imekufa kwako tu.

Na kama muunganisho hukatika ukikaa kimya, weka ServerAliveInterval 60 kwenye ~/.ssh/config ya kompyuta yako, ili SSH iulize seva kila sekunde 60 ikiwa kimya. Hapo hapo ongeza ExitOnForwardFailure yes, ili SSH ijifunge yenyewe ikikuta poti 8080 imeshachukuliwa na programu nyingine.