Mwezi wa Damu na Mwanamke Aliyevikwa Jua: Je, Unabii Unaweza Kutafutiwa Tarehe Angani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomesha jiografia skuli ya sekondari hapa Wete. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa, tulikuwa wengi ufukweni tukautazama ukigeuka mwekundu, na kabla haujarudi hali yake nilishaletewa kwenye simu maelezo ya mhubiri mmoja kwamba ule ndio mwezi wa damu wa nabii Yoeli, na kwamba ishara ya mwanamke wa Ufunuo 12, aliyevikwa jua, mwezi ukiwa chini ya miguu yake na taji ya nyota 12 kichwani, ilishatimia tarehe 23 Septemba 2017. Nimeiweka tarehe hiyo kwenye Stellarium, programu inayoonyesha anga la tarehe yoyote, na kweli jua limo ndani ya Sumbula na mwezi uko upande wa miguuni. Je, picha za unabii ni maelezo ya mpangilio wa nyota tunaoweza kuupigia hesabu? Kama sivyo, programu inanionyesha nini?

JIBU: Marahaba. Programu yako haikukudanganya. Siku hiyo jua lilikuwa Sumbula, kundinyota ambalo Wagiriki walilichora kama mwanamwali aliyeshika shuke la ngano. Mwezi ulikuwa mashariki ya jua. Sayari ya Mushtarii ilikuwa humo humo Sumbula. Na Zuhura, Mirihi na Utaridi zilikuwa katika kundinyota jirani la Asadi, yaani Simba. Ambalo programu haikukwambia, kwa sababu hukuiuliza, ni mara ngapi mambo hayo hutokea.

Jua hupita Sumbula kila mwaka, kwa mipaka inayotumika sasa kuanzia katikati ya Septemba hadi karibu na mwisho wa Oktoba. Mwezi nao huzunguka mbingu nzima kwa siku 27 na ushei, kwa hiyo kila mwaka, jua likiwa bado Sumbula, mwezi mchanga hupita upande ule ambao wachoraji waliweka miguu ya mwanamwali. Mwaka 2017 mwezi huo ulikuwa wa Muharram 1439, uliokuwa umeandama siku mbili tatu tu kabla. Ni hilali ile ile tunayoitafuta magharibi kila mwisho wa mwezi. Mushtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua, hivyo hukaa kama mwaka mmoja katika kila burji, yaani kila kundinyota la njia ya jua, na kwa kuwa dunia yetu nayo inazunguka, kila mwaka Mushtarii huonekana kwa miezi kama minne ikirudi nyuma kabla ya kushika njia yake tena. Kukaa kwake Sumbula zaidi ya miezi tisa, jambo ambalo wahubiri walilifananisha na mimba, ndio mwendo wake wa siku zote. 

Taji ya nyota 12 ndiyo dhaifu kuliko yote. Ili zitimie 12, walihesabu nyota tisa za Asadi wakaongeza sayari tatu; lakini Asadi ina nyota nyingi zaidi ya tisa zinazoonekana kwa macho matupu, na hizo tisa ni zile ambazo mchoraji fulani aliamua kuziunganisha kwa mistari. Mchoraji mwingine huunganisha idadi nyingine. Tena Yohana anasema kwamba ishara ilionekana, na jua likiwa Sumbula hakuna anayeiona Sumbula, kwa kuwa nyota zake zinachomoza na kutua pamoja na jua. Ile ya 2017 ilionekana kwenye vioo vya simu, baada ya mtu kuufuta mwanga wa mchana kwa kidole.

Sasa niliangalie andiko lenyewe, kwa sababu kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kutoka nje kwenda kutafuta nyota kabla ya kupekua nyumbani. Mtu aliyelelewa katika Torati akisikia jua, mwezi na nyota 12 hakimbilii burji. Anakumbuka ndoto ya Yusufu katika Mwanzo 37, ambayo Waislamu nao wanaijua kutoka Sura Yusuf, ambamo jua, mwezi na nyota 11 zilimwinamia. Yakobo aliielewa papo hapo, akauliza kama yeye, mama na ndugu wote watakuja kumwinamia kijana huyu. Nyota 11 ni ndugu 11, na wa 12 ni Yusufu mwenyewe. Kwa hiyo mwanamke wa Ufunuo 12 ni watu wa Mungu, kabila 12 za Israeli, ambamo anatoka mtoto atakayetawala mataifa. Wapo wanaomwona pia kuwa Kanisa, na Wakatoliki wengi humwona Mariamu, lakini wote hao wanaanzia ndani ya Maandiko.

Yohana mwenyewe hamwachi msomaji akibahatisha. Katika sura ya 1 anaona nyota saba katika mkono wa kuume wa Kristo, na aya ya 20 inasema wazi kwamba ni malaika wa makanisa saba, yaani Efeso, Smirna, Pergamo na mengineyo, yaliyokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Joka jekundu la sura ya 12 linatafsiriwa katika aya ya 9: ni Ibilisi. Vichwa saba vya mnyama katika 17:9 ni milima saba, na maji ya 17:15 ni mataifa. Mwandishi anayetoa funguo zake waziwazi namna hiyo, halafu akaficha jambo lake kuu ndani ya jedwali la sayari, angekuwa mwandishi wa ajabu.

Hata hivyo sitaki ufikirie kwamba anga halimo kabisa. Wasomaji wa kwanza wa Yohana walikuwa na picha za anga mifukoni mwao. Kaisari Domitiani alipofiwa na mwanawe mchanga, zilitolewa sarafu zinazomwonyesha mtoto huyo ameketi juu ya tufe, amenyosha mikono, amezungukwa na nyota saba, maana yake kwamba amekuwa mungu na anatawala mbingu. Mtu aliyeshika sarafu hiyo sokoni Efeso, kisha jioni akasikia kanisani kwamba nyota saba zimo mkononi mwa aliyesulubiwa na Warumi, alielewa mara moja kinachobishaniwa. Hapo nyota zinazungumzia utawala, na tarehe haimo.

Na mwezi wa damu? Kinachotokea unakijua na bila shaka umewafundisha wanafunzi wako: dunia inakaa katikati ya jua na mwezi, na mwanga pekee unaoufikia mwezi ni ule uliopenya kwenye hewa ya dunia, ambayo hutawanya mwanga wa buluu na kupitisha mwekundu. Ule wa Septemba ulikuwa ndani ya kivuli kizima kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku kwa saa zetu. Mwezi hupatwa ukiwa mwezi kumi na nne tu, wakati ambao mvuvi yeyote wa Wete anajua kwamba maji ni ya bamvua. Ukilishika hilo, ile hoja ya wahubiri kwamba miezi minne ya damu ya 2014 na 2015 ilikuwa ishara ya unabii inapungua uzito. Mwezi ulipatwa kikamilifu tarehe 15 Aprili na 8 Oktoba 2014, kisha 4 Aprili na 28 Septemba 2015, mara mbili wakati wa Pasaka ya Kiyahudi na mara mbili wakati wa Sikukuu ya Vibanda, na watu wengi walishtuka. Lakini kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi. Sikukuu zote hizo mbili huangukia mwezi mpevu, na baina yake ni miandamo sita, ambayo ndiyo nafasi ya kawaida baina ya kupatwa kumoja na kunakofuatia katika mfuatano kama huo. Kupatwa kwa kwanza kukiangukia Pasaka, kwa pili kutaangukia Vibanda. Katika mara hizo nne, Yerusalemu wenyewe waliona ile ya mwisho tu.

Katika vinywa vya manabii, kutiwa giza kwa mianga ya mbinguni ni lugha ya kuanguka kwa dola. Isaya 13:10 inasema nyota hazitatoa nuru na jua litatiwa giza, na aya ya 1 imeshasema kwamba neno hilo ni juu ya Babeli, huku aya ya 17 ikiwataja Wamedi. Babeli ilitekwa na Koreshi mwaka 539 KK. Wanafalaki wa mji huo walikuwa na desturi ya kuandika hali ya anga usiku baada ya usiku kwenye vibao vya udongo, na waliendelea kwa karne kadhaa baada ya mji kutekwa. Nyota zilikuwa pale pale, dola ndiyo iliyokuwa imezimika. Ezekieli 32 inatumia maneno ya namna hiyo hiyo kwa Farao. Yoeli naye anafasiriwa na Petro katika Matendo 2, siku ya Pentekoste, kwa kusema kwamba hayo wanayoyaona ndiyo yaliyonenwa. Wapo wanaoamini kwamba sehemu ya Yoeli bado inangoja siku ya mwisho, na imani hiyo ina hoja zake. Ninachokataa ni kuifunga kwenye tukio ambalo saa na dakika yake ilikuwa imechapishwa miaka mingi kabla.

Pahala ambapo falaki na nabii huenda wanakutana kweli ni Amosi 8:9, panaposema jua litatua adhuhuri na nchi itatiwa giza mchana mweupe. Orodha za miaka za Waashuri zinataja kupatwa kwa jua katika mwezi wa Simanu, ambako wanahistoria wamekuhesabu kuwa ni tarehe 15 Juni 763 KK, na Amosi alihubiri katika zama hizo hizo, siku za Uzia na Yeroboamu wa Pili. Katika nchi ya Israeli sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Inawezekana kabisa kwamba wasikilizaji wake waliiona siku hiyo, au waliisimuliwa. Lakini soma aya ya 5 na ya 6: nabii anawashutumu wafanyabiashara wanaongoja Sabato ipite wafungue maghala, wapunguze kipimo, wadanganye kwa mizani na kuuza hata makapi ya ngano. Falaki inaweza kutuambia picha ilitoka wapi. Shtaka la kupunja pishi halimo katika hesabu yoyote ya kivuli. Majirani zetu Waislamu wana Hadithi mashuhuri inayogusa jambo hili: jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, naye akawakatalia, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu.

Ukipenda kuendelea na programu, mambo mawili yatakuokoa. Kwanza, Stellarium ina mwaka 0, ambao wanahistoria hawana. Mwaka 1 KK unaandikwa 0, na 3 KK unaandikwa -2. Wengi hukosea hapo wanapoitafuta tarehe 11 Septemba 3 KK, ambayo baadhi ya watu hudai kwamba ndiyo ya kuzaliwa Yesu, kwa kutumia Ufunuo 12 huu huu. Ukiifikia tarehe hiyo utakuta tena jua na hilali Sumbula, na utakuta pia tatizo: Mathayo anasema Yesu alizaliwa zama za Herode, na wanahistoria wengi huweka kifo cha Herode mwaka 4 KK. Pili, mhimili wa dunia huyumba taratibu katika duara la miaka karibu 26,000, kiasi cha nyuzi moja kwa miaka 72, hivyo zama za Yohana jua liliingia Sumbula takriban wiki nne mapema kuliko sasa. Anayetumia tarehe za burji za leo kwa karne ya kwanza atapotea.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na kivuli kizima kitapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Luxor nchini Misri, ambako giza litazidi dakika 6, na Makka. Kwetu Unguja na Pemba sehemu tu ya jua italiwa, mchana. Huko ni kupatwa kwa ukoo mmoja na kule kwa 11 Julai 1991 na 22 Julai 2009, kila kumoja kukifuata kwingine baada ya miaka 18 na siku 11, mzunguko ambao Wababeli waliujua. Misri na Makka zikiwa njiani, usitegemee wahubiri wa simu kunyamaza. Ningekushauri uiweke tarehe hiyo kwenye programu mbele ya wanafunzi wako mapema, waandike wenyewe saa ya kuanza na kumalizika kwa Wete, na siku ikifika wasilitazame jua kwa macho wala kwa miwani ya kawaida: toboeni tundu dogo kwenye kadibodi, mwache mwanga uangukie karatasi nyeupe, mlione jua hapo.