Jicho Linacheza Miaka Mitatu: Je, Nitapasuliwa Usoni?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 52, nauza vitenge Kariakoo. Miaka mitatu iliyopita kope la chini la jicho la kushoto lilianza kucheza, nikaambiwa nitapata mgeni. Sasa shavu na pembe ya mdomo vinavutwa upande huohuo, hata usingizini, na mteja mmoja aliondoka kwa hasira akidhani ninamkonyeza. Nimechomwa sindano mara nne, nafuu hudumu miezi mitatu tu. Je, upasuaji utanifaa, na nitapasuliwa usoni?
Mama wa Temeke

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana. Uso wako hautaguswa. Dalili zako zinaelekea ugonjwa wa misuli ya upande mmoja wa uso kujikaza yenyewe (kwa Kiingereza, hemifacial spasm), ambao kwa kawaida husababishwa na mshipa wa damu unaougandamiza mshipa wa fahamu wa uso pale unapotokea kwenye shina la ubongo. Si mgeni, wala si mkono wa mtu. Sindano ya botulini hulegeza misuli bila kukigusa chanzo, ndiyo maana hali hurudi.

Katika upasuaji, daktari bingwa hutoboa tundu dogo kwenye fuvu nyuma ya sikio, kisha, akitazama kwa darubini, huusogeza mshipa wa damu na kuweka kipande laini cha Tefloni, aina ya plastiki, kati yake na ule wa fahamu. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hupata nafuu kubwa, ingawa wengine husubiri wiki au hata miezi. Njia ya zamani ya kukata matawi ya mshipa wa fahamu singekushauri, kwani huacha uso umepooza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sikio lako. Mshipa wa kusikia umepakana na huo wa uso, na wapo wachache wanaotoka na uziwi wa upande huo. Wewe unayepatana bei kutwa nzima, lipime jambo hili. Uso unaweza kulegea kwa muda, maji ya ubongo yanaweza kuvuja, na kwa nadra hutokea kiharusi. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, na kama wana mashine ya kufuatilia usikivu mgonjwa akiwa mezani.

Omba rufaa kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, kwa mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, ni cha lazima, kwani mara chache uvimbe ndio unaogandamiza. Mwambie mwanao akurekodi kwa simu uso unapovutwa, maana ukifika mbele ya daktari huenda ukatulia.